Viatu vya mbwa vya kupandia milima yenye barafu: uzoefu wangu Scotland na Dodoma

Viatu hivi nilivinunua Aberdeen mwezi wa Novemba nilipokuwa masomoni, kwa ajili ya mbwa wa mama mwenye nyumba wangu, ambaye magoti yake hayakumruhusu tena kupanda milima na hivyo akaniomba nimtembezee mbwa huyo kila Jumamosi. Ni viatu vinne vya nailoni, soli ni ya mpira wenye mifereji, na kila kimoja hufungwa kwa mkanda mmoja wa kunata. Nimevitumia majira mazima ya baridi katika milima ya Cairngorms, kisha nikarudi navyo Dodoma, ambako mbwa wangu Simba anavivaa hadi leo.

Mtu aliyekulia Dodoma, ambako baridi ni ule upepo wa Juni na Julai unaotutoa makoti kabatini, atadhani viatu vya mbwa ni vya kumkinga na baridi. Mimi nilidhani hivyo. Kumbe nyayo za mbwa huistahimili baridi vizuri, kwa sababu mishipa inayoleta damu yenye joto imepita bega kwa bega na ile inayorudisha damu iliyopoa, nayo huipasha kabla haijarudi mwilini. Kinachomtesa ni theluji mbichi inayonasa kwenye manyoya ya katikati ya vidole na kugeuka vidonge vigumu kama kokoto, barafu iliyovunjika inayochana kama kigae cha chupa, na chumvi inayomwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu, ambayo huziwasha nyayo na kisha humezwa mbwa anapojilamba.

Safari ya kwanza niliviacha nyumbani kwa ubishi. Haikufika nusu saa mbwa akaketi katikati ya njia, akaanza kujing'ata vidole. Nilivua glavu, nikaushika mguu wake kwa viganja viwili mpaka vidonge vikaanza kulegea na kudondoka kimoja kimoja; nilipofika mguu wa pili vidole vyangu mwenyewe vilikuwa havisikii kitu. Tangu siku hiyo sikuondoka tena bila viatu, ingawa mara ya kwanza kuvivaa alitembea akinyanyua kila mguu juu mno, kama kuku aliyeingia matopeni.

Kwenye theluji na kwenye kokoto zilizoganda vilifanya kazi niliyovinunulia. Kwenye barafu tupu, ile laini inayong'aa, niseme wazi kwamba havifai, kwa kuwa hufunika makucha, na makucha ndiyo njumu za mbwa. Palipokuwa hivyo tuligeuza au tulizunguka. Mimi nilivaa njumu za chuma juu ya buti zangu, jambo lililonilazimu kumweka mbwa mbali na miguu yangu, maana chuma kile kikimkanyaga kinatoboa. Na wakati wa kuteremka niliifungua kamba kiunoni, kwani mbwa akivuta penye utelezi mnaanguka wote wawili. Tena huko mwishoni mwa Desemba jua huzama mnamo saa tisa na nusu alasiri, kwa hiyo saa sita mchana ilikuwa ndiyo saa yetu ya kurudi, tuwe tumefika kileleni au hatujafika.

Lawama yangu kubwa ni ukubwa. Viatu vyote vinne ni namba moja, ilhali nyayo za nyuma za mbwa kwa kawaida ni nyembamba kuliko za mbele. Ukilegeza mkanda kiatu kinachomoka. Ukiukaza sana damu haipiti na mguu unavimba. Safari ya tatu kiatu kimoja cha nyuma kilibaki ndani ya theluji, na muuzaji akanijibu kwamba hauzi kimoja kimoja. Katika mbio za mbwa za Iditarod kule Alaska, kanuni humtaka kila mwendeshaji awe na viatu vinane kwa kila mbwa, na sasa ninaelewa sababu.

Hapa Dodoma adui ni mbigili. Tunapanda vilima vya mawe kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na soli hizi bado hazijatobolewa, ingawa watoto wa mtaani hutusindikiza wakipiga kelele: "Mbwa ana viatu, bosi ana ndala!" Ikifika saa mbili ninamvua na tunarudi, kwa sababu mbwa hutoa jasho kidogo kupitia nyayo na kumfungia miguu juani ni kumwonea. Jirani aliniuliza kama nitampeleka Kilimanjaro akaione barafu tena. Nilimweleza kwamba Simba hajawahi kuiona, na kwamba hifadhi za taifa haziruhusu kuingia na wanyama wa kufugwa.

Kile kiatu cha nne nilitengenezewa na fundi viatu wa Majengo, kwa turubai na kipande cha tairi kama anavyoshona katambuga, na akaniwekea mikanda miwili badala ya mmoja. Hakijachomoka hata mara moja. Nikiagiza tena vya dukani nitachukua seti mbili za namba tofauti, kisha vyote nitampelekea yeye aviongezee mkanda wa pili.