Mawimbi ya mshtuko kwa maumivu sugu ya kisigino: uzoefu wangu

Naipa tiba hii nyota nne kwa tano, ila kwanza ujue ni mashine gani. Kliniki nyingi za fiziotherapia zina ile ya hewa: kompresa inasukuma kipande cha chuma ndani ya kishikio, kinagonga kichwa chake, na pigo linaingia mguuni kupitia jeli. Ipo nyingine inayokusanya mawimbi kwenye nukta moja ndani zaidi, ndugu wa zile zilizoanza kuvunja mawe ya figo Munich mwaka 1980. Kwa utando wa unyayo, ule mkanda mgumu unaotoka kisiginoni kwenda vidoleni na ndio unaouma hapa, usio mbali na ngozi, ya hewa inatosha.

Kazi yenyewe ni fupi. Mapigo 2,000, kumi kwa sekunde, ni dakika tatu na ushei. Kinachoamua ni mahali. Fizio anayejua kazi hukunja vidole vyako kuelekea juu utando ukazike, kisha anabonyeza kwa dole gumba upande wa ndani wa kisigino, mbele kidogo, mpaka wewe uruke kwa maumivu. Hapo anatia alama kwa kalamu. Anayepaka jeli kisigino kizima na kuzungusha mashine juujuu anakula hela yako tu. Anaanza na shinikizo la hewa la bar 1.5 hivi, anapandisha kadiri unavyovumilia, 3 au zaidi. Mwanzo ndio mbaya, kama nyundo ndogo juu ya kidonda, baadaye panafifia. Maumivu yakizidi, ashushe bar. Dawa ya ganzi usikubali: tafiti zimeonyesha inapunguza matokeo, tena usiposikia maumivu huwezi kumwonyesha penyewe. Jeli ikikauka aongeze, la sivyo nguvu inapotea na ngozi inachubuka.

Kawaida ni mara tatu, kila wiki mara moja. Siku moja mbili baada ya tiba kisigino huuma zaidi, na hapo watu hukimbilia diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe. Acha. Tiba inauchokoza mwili uanze kujitengeneza, wewe kwa dawa hiyo unauzima. Parasetamoli inatosha. Pima matokeo kuanzia wiki ya sita hadi ya kumi na mbili, si kesho yake. Na anayekuambia "tunavunja mwiba wa mfupa", yaani kile kichomozo cha mfupa chini ya kisigino, anakudanganya. Eksirei itaonyesha mwiba uleule hata ukiwa umepona.

Mazoezi usiyaache. Kabla ya kukanyaga chini asubuhi, pandisha mguu juu ya goti la mguu wa pili, vuta vidole nyuma, hesabu kumi, rudia mara kumi. Hivyo mara tatu kwa siku. Nyoosha na kigimbi. Peku kwenye vigae, hapana.

Wajawazito, wanaotumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), wenye uvimbe wa saratani au maambukizi mahali hapo, wasiguse. Ukishachomwa sindano ya steroidi, subiri angalau wiki sita. Maumivu yasiyofikisha miezi sita, anza na viatu na mazoezi. Kisigino kikiuma kinapobanwa pande zote mbili, huenda mfupa una ufa. Kikiwaka moto na ganzi usiku, huenda ni neva. Vyote viwili daktari avione kabla ya mashine.

Nyota niliyokata ni ya biashara: kuuziwa "pakeji ya kumi" kabla hata mguu haujashikwa. Lipia moja moja, na ya tatu ikiisha, tulia usubiri.