Mwaka 61 ni wa lini? MySQL, PostgreSQL, Oracle na SQL Server mbele ya daftari la zabibu

Madaftari ya wakulima wa zabibu Dodoma, iwe Hombolo, Makutupora au Mpunguzi, yakiletwa yaingizwe kwenye kompyuta huja na tarehe za mkato: siku, mwezi, kisha tarakimu mbili za mwaka. 12/05/61. Karani aliyeandika alijua ni 1961. Kanzidata, yaani programu ya kutunza data kama hizi nne, haijui, inakisia, na kila moja ina makisio yake. Kipimo cha tathmini hii ni kimoja: ipi inakataa tarehe isiyoeleweka, na ipi inaimeza kimya kimya.

MySQL inatumika sana, na ndiyo yenye mtego mbaya zaidi. Kanuni yake ya karne ni rahisi: 70 hadi 99 ni 1970–1999, 00 hadi 69 ni 2000–2069. Mzee aliyezaliwa 1961, hata 61 ikisomwa sawasawa kuwa ndiyo mwaka, anageuka mtu wa 2061, hajazaliwa bado. Hilo utaliona mapema. Usiloliona ni mpangilio: MySQL husoma mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Mzigo uliopokelewa 08/03/19, yaani 8 Machi 2019, ukiingizwa hivyo hivyo unakuwa wa 19 Machi 2008. Mwezi umebaki katikati pale pale, kwa hiyo ripoti ya mavuno ya Machi inapendeza macho, ila imekosea miaka 11. Matoleo mapya ya 8 hutoa onyo kuhusu alama ya /, lakini tarehe inaingia tu. Mwaka wa 32 na kuendelea hukataliwa, kwa kuwa unasomwa kama siku na hakuna siku ya 32, mradi STRICT_TRANS_TABLES, kipengele cha kukataa data mbovu, iwe imewashwa. Ikizimwa, unapata 0000-00-00. Dawa: kwenye LOAD DATA, amri ya kuingiza faili, pokea safu hiyo kwenye kigezo cha muda @t, kisha uigeuze kwa STR_TO_DATE na muundo %d/%m/%y (siku/mwezi/mwaka). Hapo mpangilio umepona. Karne bado.

PostgreSQL ina mpaka huo huo wa 70, lakini ina adabu zaidi. Kila kitu kinategemea datestyle, mpangilio wa kusoma tarehe. Seva iliyosimikwa kwa mipangilio ya Kimarekani husoma mwezi kwanza, hivyo 12/05/61 inakuwa 5 Desemba. Ikifika 13/05/61 inagoma, inakushauri uangalie datestyle, na COPY (amri yake ya kuingiza faili) nzima inasimama bila kuacha nusu ya data ndani. Wengi hukasirika hapo, wangeshukuru. Anza na SET datestyle TO 'ISO, DMY' kabla ya kuingiza chochote.

Oracle inakupa alama mbili za kusoma mwaka wa tarakimu mbili, YY na RR, na tofauti yake si ndogo. YY huchukua karne tuliyomo, basi hata 99 inakuwa 2099. RR, kwa miaka hii yetu, hupeleka 50–99 kwenye miaka ya 1900 na 00–49 kwenye 2000. Mzee wa 1961 anapona, wa 1948 anapotea. Ukikosea ukaandika YYYY kwa tarakimu mbili, utapata mwaka wa 61 kamili, enzi za Warumi.

SQL Server nayo kwa kawaida inaishia 2049, yaani 50 na kuendelea ni miaka ya 1900, ila mpaka huo unahamishika kwa amri ya mipangilio sp_configure, kipengele cha two digit year cutoff. Inashawishi. Ukiuweka 2008, mzee wa 1948 anakaa sawa, lakini mzigo wa zabibu wa 2019 unarudi 1919. Tena mpangilio huo ni wa seva nzima, unagusa na kanzidata za watu wengine. Usiuguse.

Kwa kweli hakuna mpaka mmoja unaofaa safu mbili za daftari moja. Tarehe ya kuzaliwa inataka karne yake, tarehe ya mzigo yake. Ingiza zote kama maandishi kwanza, halafu amua safu kwa safu. Ya mzigo ni nyepesi: isizidi leo. Ya kuzaliwa, kanuni ya kutozidi leo haitoshi, maana aliyezaliwa 1921 anageuka mtoto wa 2021 na anapita. Linganisha na tarehe ya kujiunga na chama cha wakulima: kama mwanachama hajatimiza miaka 18 siku hiyo, punguza miaka 100. Penye namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) kazi ni fupi zaidi, kwani tarakimu nane za mwanzo kati ya 20 ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Zisipolingana na daftari, weka rekodi hiyo pembeni mtu aitazame.

Angalizo la lahajedwali: CSV, faili la maandishi lenye safu zilizotenganishwa kwa mkato, ikifunguliwa kwanza kwenye LibreOffice Calc, safu ikatambuliwa kuwa ya tarehe, karne inaamuliwa humo humo, kwa kawaida kati ya 1930 na 2029. Chagua safu iwe Text wakati wa kuifungua.

Alama: PostgreSQL nne kati ya tano, Oracle na SQL Server tatu, MySQL mbili. Yoyote utakayochukua, safu ya maandishi ya asili ibaki kwenye jedwali. Siku mkulima atakapokuja kubisha, 12/05/61 ndiyo itakayofunguliwa.