Darasa la Kiingereza la Kikwajuni: hapa "he" na "she" zinakukaa ulimini

Wenzangu watembeza wageni wa Mji Mkongwe mnaoulizia kila mara pa kusoma Kiingereza cha kusema, nendeni Kikwajuni kwenye darasa la usiku la yule mama mstaafu wa ualimu tunayemwita Ticha. Chumba kimoja cha chini, mabenchi ya mbao, ubao wa chaki. Ada shilingi 30,000 kwa mwezi na hulazimishwi kununua kitabu.

Nalisifu kwa jambo moja hasa: viwakilishi. Skuli tulipewa jedwali tukalikariri kama kasida, he, him, his, na ukimsimamisha mtu leo atakusomea lote. Akisimama mbele ya mgeni, halimfai kitu. Kiswahili chetu hakimuulizi mtu kama ni mwanamme au mwanamke. "Alikwenda" imetosha, awe nani. Ticha anajua kwamba tatizo letu linaanzia hapo, kwa hiyo haanzi na jedwali, anaanza na maneno unayoyasema kazini kila siku.

Usiku mmoja alimtaka kijana asimulie habari za Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar: mwaka 1859 kaka yake Barghash alipotaka kumpindua ndugu yao Sultani Majid, Salme alikuwa upande wa Barghash na ndiye aliyeandika barua zao, na mwaka 1866 akaondoka Unguja, akaolewa na Heinrich Ruete, wakaishi Hamburg. Kijana akasema: "He wrote letters for he, and he went to Germany."

"Mwanangu," Ticha akamuuliza, "Barghash ndiye aliyekwenda Ujerumani?"

"Hapana, Ticha. Barghash alipelekwa Bombay."

"Basi mgeni wako ameshampeleka Hamburg."

Akaandika ubaoni: "She wrote letters for him." Kisha akatufafanulia, bila ya haraka, kwamba mtendaji ni "she", na kila anayekuja baada ya "for", "with" au "between" anakuwa "him", "her", "me". Ndiyo maana husemi "between you and I", hata kama umemsikia Muingereza mwenyewe akisema.

Kilichonigusa zaidi ni habari ya "his" na "her". Sisi tunaangalia kinachomilikiwa: chumba chake, nyumba yake, mlango wake. Kiingereza kinamwangalia mwenye mali. Wengi wetu, tukimtaja Salme kama dada wa Barghash, tunasema "her sister" kwa kuwa dada ni mwanamke. Mwenye dada hapo ni Barghash, kwa hiyo ni "his sister". Ukishalishika hilo, habari nzima ya ukoo wa Sayyid Said unaweza kuisimulia bila ya mgeni kupotea, na ule ni ukoo wenye watu wengi!

Akatuonesha pia kwa nini tunasema "my father he sells fish". Ile "a" ya "baba anauza samaki" tunaivusha hadi kwenye Kiingereza. Kwa Kiingereza, ukishamtaja baba, "he" haina kazi tena.

"They" ya mtu mmoja aliipitia kwa ufupi, na inafaa sana kwetu. Kofia ikisahaulika kwenye boti ya kisiwa cha Changuu na mwenyewe hajulikani, sema "someone left their hat". Wapo wanaodhani ni mtindo wa juzi, kumbe Waingereza wanaitumia hivyo tangu karne ya 14. Na mgeni akikwambia mwenyewe kwamba anataka kuitwa "they", mwite hivyo. Ni adabu ya kazi.

Kasoro zipo. Chumba kina joto na watu ni wengi, ukichelewa unasimama mlangoni. Kuandika kunafundishwa kidogo mno: "its" na "it's" zilipita kwa dakika chache tu, na mtu wa mapokezi ya hoteli anayejibu barua pepe kutwa anahitaji zaidi ya hapo. Ningependa Ticha atenge usiku mmoja wa wiki kwa maandishi, na nimeshamwambia.

Cheti hakitolewi. Ramadhani darasa linafungwa, na wanafunzi wapya wanapokelewa baada ya Sikukuu. Nenda na daftari, na ufike mapema upate benchi la mbele, maana sauti ya Ticha ni ya chini.