Adapta ipi ya waifai ununue: soma dBm, achana na mistari

Wadau, kabla hujatoa hela ya adapta ya USB usibabaishwe na antena kubwa wala ile mistari ya netiweki kwenye skrini, ulizia chipu iliyomo ndani, maana draiva (programu inayoiendesha) ya hiyo chipu ndo inayokwambia mawimbi yana nguvu kiasi gani na ikikudanganya utahamisha rauta nyumba nzima bure.

Namba ya kweli ni dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi, na inakuwaga hasi. -50 safi sana, -67 simu ya video bado inaenda vizuri, -80 unabahatisha, -90 sahau. Ikishuka kwa 10 ujue nguvu iliyobaki ni moja ya kumi. Windows inageuza hiyo kuwa asilimia, -100 ni 0 na -50 ni 100, kwa hiyo ukiona 50% uko -75, na ukikaa -30 bado utasoma 100 ile ile. Tena kiwango cha 802.11, yaani kanuni za waifai, kiliziachia kampuni zijipangie kipimo cha RSSI (namba ya nguvu ya mawimbi ambayo chipu inayapokea), Cisco wakaishia 100, Atheros 60, sasa 55 ya huyu na 55 ya yule utalinganishaje?

Kwa wenye Linux mi napanga hivi.

Ya kwanza MT7612U ya MediaTek, ina 5 GHz, draiva imo ndani ya keneli (kiini cha Linux) tangu toleo la 4.19, unachomeka tu na dBm unaiona. Kama keneli yako ni 5.18 kwenda juu na hela ipo, chukua MT7921AU kabisa, hiyo ni Wi-Fi 6.

Ya pili AR9271 ya Atheros. Ya zamani, 2.4 GHz tu, mwisho 150 Mbps, ila draiva yake, ath9k_htc, imetulia.

Ya tatu RTL8812AU, chipu nzuri lakini draiva ilikaa nje ya keneli miaka mingi mpaka mwaka 2025.

Vile vidogo kama ukucha visivyoandikwa chipu, hapana. Nilinunua kimoja kikawa kinasoma 100/100 sebuleni, chumbani, hadi getini, huku simu zinakatika, roho iliniuma kweli.

Ukiwa dukani na laptopu unganisha waifai halafu andika iw dev wlan0 link (wlan0 ni jina la adapta, weka la kwako), soma namba kwenye signal, tembea hatua ishirini usome tena, ikiganda pale pale mrudishie muuzaji.