Kukausha ng'ombe: dawa kwa wote au kwa wagonjwa tu?

Ng'ombe akibakiza kama siku 60 azae, husimamishwa kukamuliwa, yaani hukaushwa. Hapo ubishi huanza: kila chuchu ya kila ng'ombe ipewe tyubu ya antibiotiki, au atibiwe aliyepimwa akakutwa na ugonjwa wa kiwele?

Kwa wepesi wa kazi, dawa kwa wote inashinda. Hakuna kupima, hakuna kumbukumbu za vipimo. Lakini tyubu nne kwa kila ng'ombe ni pesa, wakati kipimo cha CMT (California Mastitis Test, cha ugonjwa wa kiwele) ni kibao cha vikombe vinne na dawa ya kuchanganya na maziwa: yakiwa mazito kama ute, chuchu hiyo ina shida. Kipimo hukosea pia, hivyo anayechagua njia ya pili hukubali kwamba mgonjwa mmoja mmoja atampita.

Kwenye usugu wa dawa, kutibu wagonjwa tu kuko mbele sana. Antibiotiki huua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi sugu, na hao sugu hawabaki zizini. Marufuku ya Umoja wa Ulaya ya kuwapa mifugo antibiotiki kwa mazoea ilianza kutumika mwaka 2022.

Zizi lako ni kavu, unapima na kuandika? Tibu wagonjwa, wengine wazibwe chuchu kwa dawa ya kuziba isiyo na antibiotiki. Kama kundi zima limeshambuliwa na matope hayakauki, daktari wa mifugo anaweza kukushauri uanze na wote huku ukirekebisha sakafu. Vyovyote vile, futa ncha ya chuchu kwa spiriti kabla ya tyubu. Wengi huruka hapo.