Uzoefu wangu: Proxmox Backup Server katika seva za nyumbani, Kisumu

Nyumbani kwangu Mamboleo, Kisumu, zipo kompyuta ndogo mbili zinazofanya kazi ya seva. Ya kwanza inaendesha Proxmox VE, mfumo wa kuendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta moja halisi), na ndani yake mna mashine kadhaa: hesabu za duka la pembejeo la dada yangu, rekodi za karo za shule moja ya kibinafsi ya jirani, hifadhi ya picha na hati za familia, pamoja na Windows moja inayohitajiwa na programu ya uhasibu. Ya pili, yenye nguvu kidogo, nimeiachia Proxmox Backup Server peke yake, yaani programu ya kutunza nakala rudufu (nakala za akiba) za mashine hizo. Nimeitumia kwa zaidi ya mwaka mmoja, baada ya kujaribu programu nyingine za nakala rudufu, na nimeridhika kwamba kwa mtu mwenye mashine pepe chache, intaneti isiyo na kasi kubwa na stima isiyotabirika, sijaona programu ya bure inayomfaa kuliko hii. Kipimo changu kilikuwa kiasi cha data kinachopita kwenye mtandao kila usiku, na urahisi wa kurudisha kilichopotea.

Programu hii hutengenezwa Vienna, Austria, na kampuni ile ile inayotengeneza Proxmox VE. Toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2020, nayo ni programu huria chini ya leseni ya AGPLv3. Kabla yake, Proxmox VE ilitegemea vzdump, zana yake ya kunakili mashine, ambayo kila inapoendeshwa huandika nakala nzima ya mashine upya, kwa hiyo diski ya akiba hujaa upesi hata data inapobanwa. Proxmox Backup Server hukata diski ya mashine pepe katika vipande vya megabaiti 4, hukokotoa alama ya SHA-256 ya kila kipande (kitambulisho kinachotokana na yaliyomo ndani yake), na kipande ambacho tayari kimo hifadhini hakitumwi tena wala hakiwekwi mara ya pili. Kwa kuwa mashine zangu kadhaa zinatumia Debian, sehemu kubwa ya mfumo endeshi wake huhifadhiwa mara moja tu. Ninachokipenda zaidi ni kwamba kila nakala hujitegemea. Hakuna mlolongo wa nakala ya Jumapili inayoshikilia ya Jumatatu na ya Jumanne, na ninaweza kufuta ya siku yoyote bila kuidhuru ya siku nyingine.

Kuhusu stima, kuna jambo ambalo ni muhimu mtumiaji wa huku kwetu alifahamu mapema. Mashine pepe inapokuwa ikifanya kazi, QEMU, programu ndani ya Proxmox VE inayoiendesha, hutunza kumbukumbu ya sehemu za diski zilizobadilika tangu nakala iliyopita, na kazi ya usiku husoma sehemu hizo tu. Kumbukumbu hiyo hupotea mashine inapozimwa. Stima ikikatika hadi betri ya UPS ikaisha, nakala inayofuata italazimika kuisoma diski yote kuanzia mwanzo, ingawa bado itatuma vipande vipya peke yake. Anayeona kazi ya dakika chache imechukua muda mrefu baada ya stima kurudi asidhani kwamba kitu kimeharibika. Hata hivyo, baada ya kuzimika kwa ghafla mimi huendesha kazi ya uhakiki, ambayo husoma vipande vilivyohifadhiwa na kulinganisha alama zake, kisha huonyesha waziwazi nakala yoyote iliyoharibika. Kwa mtu anayetunza rekodi za wengine, huduma hii pekee ingetosha kunishawishi.

Nakala ya pili iko Kakamega, kwa shemeji yangu, katika kompyuta nyingine yenye programu iyo hiyo. Niliileta kwanza Mamboleo ikajazwa kupitia waya wa ndani ya nyumba, ndipo ikapelekwa kwake, maana kupitisha mzigo wa kwanza kwenye intaneti kungechukua muda mwingi mno. Tangu hapo hupitishwa vipande vipya tu. Nyumba zote mbili hazina anwani ya umma ya intaneti, kwa hiyo nimeziunganisha kwa Tailscale, huduma ya mtandao binafsi unaopita juu ya intaneti, na nimeweka kikomo cha kasi mchana ili watoto wa shemeji wasome bila kusumbuliwa. Nimechagua kompyuta ya Kakamega iwe ndiyo inayovuta data kutoka Kisumu, ikitumia akaunti inayoruhusiwa kusoma pekee, nayo haifuti kitu kwa sababu kimefutwa huku. Mdukuzi akiiteka seva ya Kisumu, nenosiri la seva ya Kakamega hatalikuta humo.

Kurudisha data ndiko kunakoipa programu yoyote ya aina hii thamani yake. Mwalimu mkuu aliponiomba orodha ya karo kama ilivyokuwa kabla ya karani kuibadilisha, nilifungua nakala ya siku ile katika ukurasa wa Proxmox VE, nikapita katika folda zake, nikapakua faili hilo moja bila kugusa mashine inayotumika. Mashine nzima nayo hurudishwa kwa namba mpya, kando ya ile ya awali. Kila mwezi huchagua mojawapo, huirudisha ikiwa imetengwa na mtandao, kisha humwomba dada yangu afungue hesabu zake na kuzikagua mwenyewe. Katika kila mashine ni vyema kusakinisha wakala wa QEMU, programu ndogo ya ndani ya mashine ambayo husimamisha kwa muda mfupi uandishi wa faili nakala inapoanza. Hifadhidata ya shule, hata hivyo, huitolea pia nakala yake ya maandishi kila jioni.

Upungufu upo. Vipande hivyo ni mafaili mengi sana, na diski ngumu ya kuzunguka huchelewa mno wakati wa uhakiki na usafishaji. SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka, ndiyo inayofaa, nayo ina bei. Pia, ukifuta nakala za zamani, nafasi haipatikani papo hapo: ni lazima usafishaji uendeshwe, na hata huo huviacha vipande vilivyoguswa katika saa 24 na dakika 5 zilizopita, kwa hiyo usisubiri diski ijae. Asiyelipia usajili huonyeshwa ujumbe kila anapoingia, lakini hakuna huduma inayofungwa. Jambo zito zaidi ni ufunguo wa usimbaji, yaani wa kuifunga data isisomeke na mwingine. Data za wanafunzi ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kwa hiyo nimezisimba kabla hazijaondoka kwenye seva; ufunguo ukipotea, hakuna wa kuzifungua. Programu hukuwezesha kuuchapisha kwenye karatasi, na karatasi hiyo haipaswi kukaa katika nyumba moja na seva.

Niliijaribu pia Veeam, programu nyingine ya nakala rudufu, ambayo toleo lake la bure huhudumia mashine hadi 10 na ambayo ilianza kuitambua Proxmox VE mwaka 2024. Ni programu iliyokomaa, hasa kwa ofisi zinazotegemea Windows, lakini nilipoijaribu ilidai seva ya Windows ya kuiendesha, na kompyuta zangu hazina kumbukumbu ya ziada ya kuilisha. Wanaotumia toleo la bure la ESXi, mfumo mwingine wa mashine pepe, wafahamu kwamba Broadcom, kampuni inayoumiliki, iliiondoa mwaka 2024 na kuirudisha mwaka 2025, ila toleo hilo la bure halina njia za kuunganishwa ambazo programu kama Veeam huhitaji ili kunakili mashine pepe.

Kwa mwenye seva moja ya nyumbani isiyo na mashine pepe, kwa mfano kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye picha na hati, Proxmox Backup Server ni mzigo asiouhitaji. Huyo ningemwelekeza kwa restic: ni faili moja la programu, husimba data daima, huondoa marudio, na hupeleka nakala kwenye diski ya nje au kwenye wingu. Haina ukurasa wa kubofya, kwa hiyo awe tayari kuandika amri. Mimi mwenyewe huitumia kwenye kompyuta yangu ya mkononi.