Lexus RX 350 na BMW X5 kwa mkazi wa Dodoma: uzoefu wangu

Nyumbani kwetu Iyumbu yanalala magari mawili ambayo watu hupenda kuyashindanisha bila kuwahi kuishi nayo yote kwa pamoja. La kwangu ni Lexus RX 350 ya mwaka 2012 iliyotoka Japani, na la mume wangu ni BMW X5 xDrive30d ya mwaka 2015 iliyotoka Uingereza, ingawa funguo hubadilishana mikono kila mmoja wetu anapokuwa na safari inayomfaa mwenzake. Kwa kuwa ninayaendesha yote mawili, na gharama za yote mawili zinapita katika daftari langu, naweza kusema bila kupendelea chapa kwamba X5 ni gari bora zaidi mpaka pale lami inapoishia. Kwa wengi wetu tuliojenga pembezoni mwa jiji hili, lami huishia kabla ya kufika getini.

Nianze na X5, maana sifa zake hazihitaji kutafutwa. Injini yake ni ya dizeli, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,993, nguvu za farasi 258. RX ina injini ya petroli ya V6 yenye sentimita za ujazo 3,456 na nguvu za farasi zipatazo 275, kwa hiyo anayesoma karatasi tu atadhani Lexus ndiyo yenye mbio. Barabarani mambo hugeuka, kwa sababu msukumo wa X5 ni nyutoni-mita 560 na unapatikana injini ikiwa bado inazunguka polepole, kuanzia mizunguko 1,500 kwa dakika, wakati RX ina takribani 348 tu, tena inabidi uikanyage hadi karibu mizunguko 4,700 ndipo ikupe zote. Ukiwa nyuma ya semi-trela kwenye vilima vya kati ya Kolo na Bereko, ukielekea Babati, tofauti hiyo unaihisi mgongoni: X5 inashusha gia moja kati ya nane zake, inapita, na abiria waliolala hawaamki. RX inapita pia, lakini inashusha gia mbili, injini inapaza sauti, na wewe mwenyewe unajikuta umekaza mikono kwenye usukani.

Usukani wa X5 ni mzito kidogo na mkweli, kiti chake kinashika mgongo, na baada ya safari ya Dar es Salaam, kilomita zipatazo 450, mtu hushuka akiwa bado na hamu ya kuongea. Jambo moja dogo la magari ya Uingereza ambalo wauzaji hawalitaji ni spidomita. Namba kubwa ni za maili, na za kilomita zimeandikwa ndani kwa wino mdogo. Kwenye njia ambayo kila kijiji kina kibao cha 50 na trafiki mwenye kamera chini ya mti, na faini ni shilingi 30,000, dereva inampasa akumbuke kwamba 50 yetu ni kama 31 kwenye mshale ule. Sisi tumeiweka ile namba ya kidijitali isome kilomita na tukauacha mshale uendelee na maili zake.

Sasa tuingie mtaani. Kutoka lami mpaka kwetu kuna barabara ya udongo mwekundu ambayo greda huipitia likipenda, na baina ya ziara zake inabaki na mawimbi ya changarawe, mawe yaliyochomoza na korongo moja linalohama kila masika. Kwa kimo, X5 ina nafasi ya sentimita 20.9 kutoka ardhini na RX ina karibu 19, hivyo ungetarajia Mjerumani ashinde hapa pia. Kinachoamua si kimo bali tairi. Tairi za X5 yetu ni 255/50 za rimu 19, maana yake ukuta wa mpira una unene wa sentimita 12.7 hivi, za RX ni 235/60 za rimu 18, zenye ukuta wa sentimita 14.1. Ongeza kwamba X5 ilitoka kiwandani na tairi za ranifleti, zile zenye ukuta uliokazwa ili ziendelee kutembea hata upepo ukiisha, na utaelewa kwa nini kila wimbi la barabara linafika kwenye uti wa mgongo. RX inapita juu ya mawimbi yaleyale kama mtu aliyevaa ndala, bila haraka na bila kulalamika. Mama mkwe wangu, ambaye hajui wala hajali majina ya magari, akija kutoka Kondoa huuliza kama atachukuliwa na "lile laini".

Habari ya ranifleti inastahili maelezo, kwa sababu ndiyo iliyotufundisha kuhusu X5 kuliko kijitabu chake. Kanuni ya tairi hizo ni kwamba ukipata pancha unaruhusiwa kuendelea kwa takribani kilomita 80 kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, na kwa sababu hiyo gari halikuwekewa tairi la akiba. Katika nchi yenye karakana kila baada ya mwendo wa nusu saa, huo ni mpango mzuri. Kwenye barabara ya Iringa, kabla ya kufika Mtera, tulipita juu ya kipande cha chuma, taa ya upepo ikawaka, na tukasimama kwenye kibanda cha pancha kijijini. Kijana alikuja na vyuma vyake viwili na nyundo, akajaribu kulibandua tairi kwenye rimu, akabadilisha upande, akaweka uzito wake wote juu ya chuma kimoja, kisha akasimama akifuta jasho. "Mama, hili si la mikono. Hili linataka mashine, na mashine iko mjini." Alikuwa sahihi, na hakutaka kupokea hata senti. Kwa kuwa tulikuwa bado ndani ya umbali unaoruhusiwa, tuligeuza na kurudi Dodoma taratibu, na wiki hiyohiyo mume wangu akazivua ranifleti zote, akafunga tairi za kawaida na kutia tairi la akiba kwenye buti. Mzigo umepungua nafasi, lakini gari limelainika kiasi kwamba najiuliza kwa nini hatukufanya hivyo tangu siku ya kulipokea. RX ilikuja na tairi la akiba, jembamba la dharura, lakini lipo.

Kuhusu vumbi, magari yote mawili yanaziba vizuri, ila mlango wa nyuma wa X5 unafunguka vipande viwili, na kile cha chini hukusanya vumbi ukingoni ambalo huishia kwenye sketi ya yeyote anayeegemea kutoa mizigo. Kwa upande mwingine, kipande hichohicho ni benchi zuri la watu wawili mnapokula samaki wa Mtera. Filta za hewa nazibadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema, maana kitabu hakikuandikwa kwa ajili ya Oktoba ya Dodoma, wakati upepo unabeba nusu ya mtaa. Mvua zikija, X5 ina utulivu zaidi kwenye tope, kwa kuwa mfumo wake hupeleka nguvu nyingi nyuma na kuzigawa upya haraka, ilhali RX kwa kawaida huvuta kwa mbele na kupeleka nyuma hadi nusu tu inapobidi. Lakini yote mawili si Land Cruiser, na kwenye udongo mweusi wa mbuga ulioloa heri kuegesha na kutembea kwa miguu.

Spea ndizo zinazopanua pengo. Injini ya RX, ile 2GR-FE, ndiyo iliyofungwa pia kwenye Toyota Alphard za lita 3.5, kwa hiyo plagi, filta na beringi nyingi zinapatikana hapahapa, na fundi yeyote aliyezoea Toyota haogopi kufungua boneti. Kazi moja tu humchukua muda: plagi tatu za upande wa nyuma haziguswi mpaka aondoe bomba kubwa la kuingizia hewa, na fundi anayekwambia amezibadilisha zote kwa nusu saa amebadilisha tatu. Kwa X5, mambo ni ya kuagiza. Fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari yupo mjini, lakini akishajua kinachotakiwa, unapiga simu Dar es Salaam, unatuma picha na namba ya chesisi, kisha unasubiri kifurushi kwenye basi linaloingia stendi ya Nzuguni. Wakati mwingine kinachofika sicho. Oili nayo haichaguliwi kwa bei. Inatakiwa ile yenye alama ya LL-04, inayolinda chujio la moshi, na nimejifunza kuiweka akiba nyumbani kama watu wanavyoweka unga.

Kwa mafuta, X5 inatupa kilomita 11 mpaka 12 kwa lita kwenye safari ndefu, na RX kama 9. Mjini RX hushuka hadi 6 au 7. Tenki la X5 lina lita 85, hivyo naweza kwenda Arusha na bado nisitafute kituo. Tofauti hiyo ni pesa halisi kila EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, inapotangaza bei Jumatano ya kwanza ya mwezi, ila spea moja ya kuagiza huimeza akiba ya miezi. Kwenye ushuru hayakutofautiana sana: yote yamezidi sentimita za ujazo 2,000, kwa hiyo asilimia 25 ya forodha, 10 ya ushuru wa bidhaa na 18 ya VAT ziliyahusu sawasawa. RX iliongezewa asilimia 15 ya uchakavu kwa kuwa ilikuwa imepita miaka 8, na X5 ilipona kwa kuingia kabla haijafika huko.

Ndani, RX ilikuja ikinisalimia kwa Kijapani, na redio yake iliishia masafa ya 90, hivyo ilibidi kufungwa kifaa cha kupanua masafa ndipo tupate stesheni za hapa. Ramani yake haijui kwamba Tanzania ipo. Viti vya nyuma vinasogea na kulala, sakafu ni bapa, na watoto watatu wanakaa bila kupigania nafasi ya katikati.

Kilichobadilisha hesabu zetu kabisa ni treni. Tangu SGR, reli mpya ya kisasa, ilipoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, hatuna sababu ya kukaa barabarani kutwa nzima tukihesabu vibao vya 50 kuanzia Kibaigwa mpaka Morogoro, na safari ile ndiyo iliyokuwa uwanja wa X5. Sasa gari hilo limebaki kupeleka watoto mtaa wa Kisasa na kurudi, kazi ambayo dizeli ya kisasa haiipendi: chujio la moshi linahitaji joto la mwendo mrefu ili lichome masizi yake, na likinyimwa huziba. Njia ya kazini Mtumba inasaidia kidogo. Wakati mwingine mume wangu hulitoa Jumamosi mpaka Manyoni na kurudi, akidai anakwenda kununua kuku, na mimi najua anakwenda kuchoma masizi.

Tumekubaliana kwamba likiuzwa moja, litakaloondoka ni X5, na tungependa liende kwa mtu ambaye kazi yake ni Arusha, Iringa au Singida kila wiki, kwa sababu huyo atalipata likiwa katika ubora wake. Atakayekuja kulitazama namshauri aje asubuhi injini ikiwa baridi, asikilize sekunde za mwanzo baada ya kuwasha, maana mnyororo wa taimingi ukichakaa hugonga hapo, nao katika injini hiyo uko upande wa giaboksi na kuubadilisha si kazi ya siku moja. Tutamkabidhi pamoja na tairi la akiba, oili iliyobaki kabatini, na namba ya simu ya fundi wa kompyuta.